Euler alivyothibitisha kuwa 2147483647 ni namba tasa
Umeuliza mwanahisabati Euler aliwezaje kuthibitisha kwa mkono, mwaka 1772, kwamba 2147483647 ni namba tasa. Namba hiyo ni 2 kwa kipeo cha 31, ukitoa 1, na kwa kuwa 31 yenyewe ni tasa, kigawo chake chochote kilicho tasa lazima kiache baki la 1 kikigawanywa kwa 62, na baki la 1 au la 7 kikigawanywa kwa 8. Kwa hiyo hapakuwa na haja ya kujaribu kila namba tasa hadi kwenye kipeuo chake cha pili, takriban 46340, bali zile tu zenye umbo la 248k + 1 au 248k + 63 (k ikiwa namba nzima), jambo ambalo kwangu ndilo uzuri hasa wa uthibitisho huu. Ya kwanza kati ya hizo ni 311, na 2147483647 ikigawanywa kwa 311 hubaki 35, kwa hiyo 311 si kigawo chake.