Keki ya Ramu ya Krismasi: Pimeni, Kisha Waambieni Wageni

Desemba ikiingia, watu wa Kilimanjaro wanarudi nyumbani kuhesabiwa, na maswali ya keki yananijia kwa mafungu. Safari hii wengi mnauliza kitu kilekile: keki ya chokoleti ya matabaka iliyonyweshwa ramu. Nimechagua machache. Walioandika "naomba vipimo" bila neno jingine, vipimo vipo humu, someni.

Shikamoo mama. Keki yangu ya chokoleti inaumuka vizuri halafu inatumbukia katikati. Tatizo ni nini? (Sakina, Arusha)

Marahaba mwanangu. Hukuniambia ulipima nini, moto ulikuwa kiasi gani, chombo kina upana gani, wala kama ulifungua oveni kuchungulia. Swali la namna hii hunifikia kila wiki, na kila wiki nalazimika kubahatisha. Nawaomba, mkiniandikia andikeni vipimo.

Heri umetaja kwamba unakaa Sakina. Arusha mjini iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na vipimo vingi mnavyovichukua mtandaoni vimeandikwa na watu wanaokaa chini. Huko juu mgandamizo wa hewa ni mdogo, kwa hiyo gesi inayotokana na soda na beking pauda inatanuka zaidi. Keki inafura kabla unga na mayai havijashika, halafu inakosa cha kuibeba. Punguza soda na pauda kwa robo. Punguza sukari vijiko viwili vya chakula. Ongeza vijiko viwili au vitatu vya maziwa, kwa sababu unyevu nao hukauka haraka, na uongeze moto nyuzi kama 10. Moshi mjini hatufiki mita 1,000, kwa hiyo wengi wetu hatuhitaji kubadilisha kitu. Wa Marangu na Machame ya juu, fuateni ya Arusha.

Na nunua mizani. Kikombe cha chai cha kwako na cha jirani yako havilingani, na unga ulioshindiliwa kikombeni unazidi sana ule uliochotwa taratibu. Watu wananunua kontena la mapambo ya keki, mizani wanaiona anasa. Anza na mizani.

Dada, Milo inafaa badala ya kakao? (Pasua, Moshi)

Haifai. Milo ni kinywaji cha kimea chenye sukari na maziwa, kakao yake ni kidogo. Hata ile chokoleti ya kunywa ya kopo ina sukari nyingi. Unataka unga wa kakao mtupu, usio na sukari, mchungu ukiulamba. Tanzania tunalima kakao, Kyela wanaivuna miaka yote, kwa hiyo ukikuta dukani unga safi wa nyumbani, nunua bila kusita.

Soma na kopo. Kama limeandikwa kwamba kakao imetiwa alkali, itakuwa nyeusi zaidi na haina ule uchachu unaoamsha soda. Hapo lazima mchanganyiko wako uwe na kitu kingine kichachu, kama mtindi.

Naomba vipimo kamili vya keki ya kutosha watu 16. (Wengi sana)

Vyombo viwili vya duara vya sentimita 20, vipakwe mafuta na kutandikwa karatasi ya kuokea. Chekecha pamoja unga wa ngano gramu 220, kakao gramu 75, sukari gramu 350, soda kijiko kimoja na nusu cha chai, beking pauda kijiko kimoja cha chai na chumvi nusu kijiko. Kwenye bakuli jingine piga mayai mawili, mtindi mililita 240 na mafuta ya kula mililita 120. Changanya vyote, halafu malizia na kahawa ya moto mililita 240, kali, iliyochujwa. Mchanganyiko utakuwa mwepesi kama uji wa mtoto. Usiogope na usiongeze unga. Oka kwa nyuzi 175 dakika 35 hivi, mpaka kijiti kitoke kikavu.

Kahawa haionekani mdomoni kama kahawa, kazi yake ni kuikoleza chokoleti. Na jamani, tunaishi chini ya mlima unaolima arabika, chama chetu cha ushirika KNCU kipo tangu 1933, halafu mtu wa Moshi anakwenda dukani kununua kahawa ya unga ya kopo kutoka nje kwa ajili ya keki! Chukua kahawa ya hapa, isage, ichemshe.

Keki ikipoa kabisa, ifunge, iweke kwenye friji usiku mzima. Kesho yake gawa kila moja nusu kwa nusu kwa upana, upate matabaka manne. Keki ya moto haikatiki, inamumunyuka.

Shira ni sukari gramu 100 na maji mililita 100. Chemsha mpaka sukari iyeyuke, epua, subiri ipoe, ndipo utie ramu mililita 60. Ukitia ramu kwenye shira inayochemka, harufu unayoilipia inaishia darini. Kila tabaka linyweshe vijiko vitatu vya chakula, kwa brashi, pole pole, ukianzia pembeni ambako keki ni kavu zaidi. Ganashi ya kujaza na kufunika ni chokoleti nyeusi gramu 400, krimu nzito mililita 400 na ramu mililita 30. Ndani ya unga wenyewe sitii ramu hata tone, kwa sababu moto unaondoa utamu wake na kuacha pombe ya kutosha kumkwaza asiyekunywa.

Nitumie pombe gani? Nina Konyagi ndani. (Majengo, Moshi)

Ramu nyeusi au brandi. Zina harufu ya sukari iliyoungua na ya mbao, vitu vinavyokaa vizuri na chokoleti. Konyagi ina asilimia 35 ya pombe lakini ladha yake ni nyepesi na kali, utabaki na ukali kooni. Amarula nzuri kwenye ganashi, ila ni krimu tayari na ina asilimia 17 tu, basi punguza krimu kwa kiasi hichohicho. Divai nyekundu ya Dodoma naipenda badala ya kahawa kwenye unga, kwa wale ambao meza nzima inakunywa.

Na mbege? (Kiboriloni)

Hapana. Ina machicha ya ulezi na bado inachachuka. Wape wazee wainywe.

Mama, kuna mtu anatuuzia pombe kali kwenye chupa za maji kwa bei nzuri. Kwa kuwa inaingia kwenye oveni, si madhara yote yanaungua? (Usa River)

Usiitie kwenye keki, usiinywe, usimpe mtu. Hiyo ni gongo au kitu kibaya zaidi yake. Pombe iliyokenekwa kienyeji au kuchakachuliwa inaweza kuwa na methanoli, na methanoli inapofusha macho na kuua kwa kiasi kidogo tu. Hakuna oveni ya nyumbani itakayokuhakikishia kwamba imeisha. Na kwenye shira ya baridi haipiti hata motoni.

Nunua chupa iliyofungwa kiwandani, yenye stempu ya TRA ambayo haijachanwa. Ukikosa pesa ya ramu, pika keki bila ramu. Kahawa na ganda la chungwa vinatosha kabisa kuifanya keki ya sikukuu.

Nina wageni Waislamu na watoto. Nimesikia pombe yote inaisha kwenye moto, hivyo hakuna haja ya kusema. Ni kweli? (Njiro, Arusha)

Si kweli, na hili ndilo lililonifanya niandike safu ya leo.

Pombe inachemka kwenye nyuzi 78, ndiyo, lakini ikichanganyika na maji, sukari na unga haiondoki yote mara moja. Wizara ya Kilimo ya Marekani ina jedwali linalotumiwa sana na wapishi. Pombe iliyochanganywa kwenye chakula na kuokwa dakika 15 inabaki asilimia 40. Nusu saa, inabaki asilimia 35. Saa nzima, asilimia 25. Hata saa mbili na nusu bado kuna asilimia 5. Hiyo ni ile iliyopita motoni. Ramu ya kwenye shira iliyopoa na kwenye ganashi inabaki karibu yote.

Tupige hesabu ya keki yangu. Ramu mililita 90 yenye asilimia 40 ni pombe tupu mililita 36. Gawa kwa vipande 16, kila kipande kina kama mililita 2 na kidogo. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina mililita 25. Kwa hiyo mtu mzima hatalewa kwa kipande kimoja, na simtishi mtu. Lakini mgeni wako Mwislamu hakuuliza kama atalewa. Msabato vilevile, na mlokole, na dada mjamzito ambaye hajamwambia mtu, na yule shemeji aliyeacha pombe kwa shida na familia nzima inajua alikotoka. Kuna na anayemeza Flagyl ambayo maelezo yake yanamkataza pombe. Hawa wote wana haki ya kujua kabla ya kuinua uma. Kumwambia baada ya kula ni kumdhulumu, na nimeona sherehe zikivunjika kwa jambo hili. Imani ya mtu na afya yake hazipimwi kwa ukubwa wa kipande chako.

Watoto hawapewi. Mwenye duka haruhusiwi kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18, sasa wewe unaanzaje kumwekea kwenye sahani?

Dawa yake ni nyepesi. Oka keki mbili. Moja ya ramu, na nyingine shira yake iwe ya kahawa na ganda la chungwa. Hiyo ya pili usitie vanila halisi ya majimaji, kwa sababu nayo imelowekwa kwenye pombe. Tumia maganda ya vanila au iache. Ya pili iwe na ukubwa uleule na urembo uleule. Asiyekunywa asipewe kikeki cha pembeni kama aliyekosewa, maana naye ni mgeni wako. Visu viwe viwili, vibandiko viwe viwili.

Ganashi yangu ilikuwa laini, nikatia ramu, ikagandamana na kuwa chengachenga. (Shanty Town, Moshi)

Ramu ilikuwa ya baridi, au uliitia kwenye chokoleti iliyoyeyushwa peke yake bila krimu. Chokoleti iliyoyeyuka ikipata majimaji kidogo hukakamaa palepale. Chemsha krimu mpaka ianze kutoa mapovu pembeni, mwagia juu ya chokoleti iliyokatwakatwa, iache dakika tatu, koroga kuanzia katikati, na ramu iingie mwisho ikiwa na joto la chumba. Iliyokwisha kukatika irudishie vijiko viwili vya krimu ya moto, kimoja kimoja, ukikoroga. Ile krimu ya unga ya kupambia keki haifanyi ganashi, acheni kunitumia picha zake.

Sina oveni, nina jiko la mkaa. (Ngaramtoni)

Inawezekana. Sufuria kubwa, mchanga mkavu chini, chombo cha keki juu yake, mfuniko bapa wenye mkaa. Moto wa juu uwe mwingi kuliko wa chini. Oka tabaka moja moja. Na fanya kazi hiyo nje au jikoni palipo wazi. Ngaramtoni kuna baridi, najua, lakini mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu wanalala wasiamke.

Nakuja Rombo kutoka Dar kwa basi tarehe 23 na keki yangu. Nitaifikishaje? (Tabata)

Usibebe keki iliyokamilika. Dar mpaka Moshi pekee ni karibu kilomita 560, na ganashi haitastahimili joto la njiani. Beba matabaka makavu, kila moja limefungwa kwa nailoni, ndani ya chombo kigumu, mapajani. Shira kwenye chupa. Chokoleti njoo nayo nzima, krimu nunua Moshi mjini kabla hujapanda kwenda Rombo. Tarehe 24 jenga keki nyumbani. Na hapo kwenye basi usiketi upande wa jua.

Naoka keki za kuuza. Mteja wa sherehe ya ofisi anataka ya ramu, lakini anasema nisiandike popote kwamba ina pombe, "wasije wakaikataa." (Kijenge, Arusha)

Rudisha oda, mdogo wangu. Amekwambia kwa mdomo wake kwamba wapo watakaoikataa, na anataka wewe uwe mkono wa kuwalisha wasichokitaka. Likitokea la kutokea hatatajwa yeye, litatajwa jina lako. Kila keki yenye pombe inayotoka mikononi mwako iandikwe INA POMBE kwenye boksi, kwa herufi kubwa, na kwenye ubao wa keki pia, kwa sababu boksi hutupwa jikoni kabla keki haijafika mezani. Kwenye risiti andika aina ya pombe na kiasi. Mteja akikasirika, mpe keki ya kahawa kwa bei ileile.

Iliyobaki inakaa siku ngapi? Nasikia ramu inaihifadhi. (Himo)

Siku tatu kwenye friji, imefunikwa. Umeme ukikatika usiku kucha, itupe. Keki za matunda zinazokaa miezi hazina krimu na zinalowekwa tena na tena. Hii yetu ina krimu ya maziwa, na ramu tuliyotia ni kidogo mno kuizuia isiharibike.