Jibu: Kizunguzungu cha mzee ambaye presha na sukari ni sawa
Waalaikumu salaam, ndugu yangu. Umeeleza kwamba baba yako wa miaka 76, hapa Lamu, hushikwa na kizunguzungu anapoinuka kutoka sijda, ilhali presha, sukari na kipimo cha malaria havionyeshi tatizo.

Je, presha hiyo ilipimwa akiwa ameketi tu? Katika kazi yangu ya utabibu, hilo ndilo pengo ninalokutana nalo mara nyingi. Alale dakika 5, apimwe, kisha asimame na apimwe tena baada ya dakika 1 na dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, daktari azipitie dawa zake zote, zikiwemo za tezi dume, ambazo wazee wetu huona haya kuzitaja.

Lakini sijda pia huinamisha kichwa. Ikiwa chumba humzunguka hata anapogeuka kitandani, kwa muda usiofika dakika moja, shuku chembe za chokaa zilizohama ndani ya sikio. Tiba yake ni kugeuzwa kichwa kwa utaratibu maalumu, wala si vidonge. Uliza pia kama aliwahi kudungwa jentamisini, dawa ya kuua bakteria, kwa kuwa huweza kudhuru sehemu ya sikio inayoshika mizani ya mwili.

Bila kumwona siwezi kuchagua kati ya hayo. Akizimia, akiona vitu viwili viwili, au ulimi ukiwa mzito, mpeleke hospitali papo hapo, hata kama ni usiku na ni lazima kukodi boti.