Ana miaka 7, mwili umemtangulia

SWALI: Binti yangu yuko P.2 (darasa la pili), ana miaka 7. Matiti yameshaota na viatu anavaa vya dada yake wa P.5. Daktari anataka apigwe picha ya MRI ya kichwa, kisha apimwe akili na mwanasaikolojia. Ssenga wake (shangazi yake) anasema mtoto ataitwa kichaa. Je, ubongo wake una kasoro? – Mama, Bombo

JIBU: Dada yangu, hakuna aliyesema mwanao ni kichaa. Msichana akiota matiti kabla ya miaka 8, lazima tutafute kilichoamsha homoni mapema. Amri ya kubalehe hutoka ubongoni, juu kidogo ya tezi ya pituitari, na MRI inatazama kama pana uvimbe hapo. Kwa wasichana wa umri wake mara nyingi haupatikani. Hata hivyo mpeleke, usingoje.

Kuna jambo moja umchunguze nyumbani. Je, huwa anacheka ghafla bila cha kuchekesha, ukimwita haitiki? Kuna kifafa cha kicheko kinachoweza kwenda pamoja na kubalehe mapema. Ukiona hivyo mrekodi kwa simu, umwonyeshe daktari.

Kupimwa akili hakuumi. Ndiyo kazi yangu ya kila siku. Namtajia mtoto 4, 9, 2, naye ananirudishia kinyumenyume: 2, 9, 4. Halafu tunapanga vibao vya rangi vifanane na mchoro. Namkumbuka msichana mmoja aliyenifika begani, mwalimu wake amemwandika mzembe. Vibao alivipanga vizuri kabisa, kama mtoto wa miaka 7, kwa kuwa miaka yake ilikuwa 7. Mwalimu alikuwa anamdai akili ya urefu wake. Iliniuma sana.

Siku ya kipimo awe amelala vya kutosha na amekunywa chai. Mwambie mpimaji lugha mnayoongea nyumbani, maana akipimwa kwa Kiingereza cha darasani peke yake, kitakachopimwa ni Kiingereza.

Daktari akiona haja, zipo sindano za kusimamisha homoni hizo, nyingine za kila mwezi, nyingine za kila miezi 3.

Na ssenga mwombe, kwa heshima yake, asianze kumfunda mambo ya wakubwa. Hedhi tu ndiyo aelezwe sasa, kwa maneno ya kitoto, na pedi moja ikae kwenye mkoba wa shule.