Ziwa Ngosi kwa siku moja: maswali yenu

Tuko watu sita, tunafika Mbeya Ijumaa jioni. Jumamosi tunataka kupanda Ngosi na kurudi siku hiyohiyo. Tumeambiwa ni mwendo wa saa moja tu. Tukiondoka mjini saa 4 asubuhi tutawahi? (Msomaji, Iringa)

Kufika mtafika, ila ziwa huenda msilione. Kilele cha Ngosi kinapita mita 2,600, na jua likishachomoza vizuri, hewa yenye unyevu kutoka upande wa Ziwa Nyasa hupanda mlima na kugeuka ukungu. Kreta, yaani shimo la volkano lenye ziwa, ikijaa ukungu huo, utasimama ukingoni na kuona weupe mtupu.

Hiyo saa moja ni ya msituni peke yake, tena kwa mwenye miguu mizuri na njia iliyokauka. Pigeni hesabu kuanzia mjini. Mnafika Uyole, mnaingia barabara ya Tukuyu na kushuka Isongole. Kutoka lami kuna kilomita kama 6 za vumbi. Kiangazi bodaboda inazimaliza. Masika mnaweza kuteremshwa katikati na kutembea. Lipeni kiingilio, mpewe stakabadhi na mwongozaji, maana huu ni msitu wa hifadhi. Halafu ndiyo mpande, saa moja hadi moja na nusu.

Ondokeni saa 12 asubuhi, saa 4 mko ukingoni. Mkikuta ukungu, vaeni masweta, kaeni nusu saa: upepo mara nyingi hulifunua ziwa kwa dakika chache. Saa 8 mchana iwe mwisho wa kukaa juu. Msituni kiza huingia mapema kuliko nje, na njia ya tope hushukwa polepole kuliko inavyopandwa.

Raba za kukimbilia zinafaa? (Msomaji, Dodoma)

Julai hadi Oktoba, mvua zikiwa mbali, zitakuvusha. Miezi mingine hapana. Udongo wa Ngosi umetokana na majivu ya volkano, laini kama unga, na miti imeufunika kiasi kwamba jua haliukaushi. Soli yenye mikato myembamba hujaa tope hatua ya kumi tu. Kuanzia hapo unakanyagia tope juu ya tope, na ndipo unapoteleza. Tafuta soli yenye meno marefu yaliyoachana. Gambuti hushika vizuri, lakini kifundo hulegea ndani yake, kwa hiyo vaa soksi mbili nzito.

Ukiteleza, usikimbilie kushika mwanzi: uliokauka hukatika mkononi na kuacha ncha kali. Shika mzizi, au uwe na fimbo yako. Suruali ichomekwe ndani ya soksi. Siafu hukatiza njia kwa mstari mweusi mwembamba, na anayesimama juu yake kupumzika huja kuwagundua wakiwa wamefika magotini. Angalia chini kabla ya kusimama.

Naweza kushuka hadi majini na mwanangu wa miaka tisa? (Mama wa watoto wawili, Tukuyu)

Dada, kwa mtoto wa umri huo tunashauri mwishie ukingoni. Ukuta wa kreta unateremka zaidi ya mita 200, na sehemu kubwa ni kushikilia mizizi. Hata mtu mzima hushuka kinyumenyume kama anayeshuka ngazi, uso ukielekea mlimani. Kushuka ni kama saa moja, kupanda hukaribia mara mbili yake, na ndipo watu huishiwa nguvu. Kukiwa kumenyesha usiku, asishuke mtu yeyote. Kuogelea tunakataza kabisa: kina kinafika mita 70 na zaidi, na hakuna wa kukuokoa.

Maji ya ziwa yanaweza kunyweka? (Msomaji, Songwe)

Hapana, yana chumvi. Ngosi haina mto unaotoka. Maji hupotea kwa mvuke na kwa kupenya miambani, huku gesi na vimiminika vya volkano vikipanda kutoka chini. Kila mtu abebe lita 2 kutoka mjini, na lita moja zaidi kama atashuka ziwani. Chakula kiwe cha kuliwa kwa mkono mmoja: chapati, viazi vya kuchemsha, ndizi, karanga. Maganda nayo yarudi na mfuko wako.