Kamera ya USB haionekani Ubuntu: usiguse hiyo zipu!

Mkuu wa Makambako, simama hapo hapo. Toa mikono kwenye kibodi. Umesema una kamera ya USB ya mtumba, Ubuntu (mfumo wako wa Linux) haiioni, jamaa amekutumia faili la zipu lenye draiva ya zamani, yaani programu ya kuiunganisha kamera na kompyuta, akakwambia uandike "make install" basi umemaliza. Mimi hiyo zipu naijua. Imenila laki mbili na ushee.

Nilikuwa na steshenari Mwanjelwa, Mbeya: kuchapa, kutoa kopi, picha za pasipoti. Kamera kubwa ikanifia msimu wa vitambulisho vya shule, nikashuka Tunduma nikarudi na kamera tatu za USB, zile za duara kama yai, lebo moja, boksi moja. Nachomeka, kimya. Nikamwita fundi aliyeniwekea Linux. Hata kuinama kuitazama hakuinama. "Hizi za duara zote ni Vimicro, kaka," yaani zina chipu za kampuni hiyo. Akanipa zipu ya draiva ya Vimicro na kuchukua elfu arobaini yake. Nikaamini, maana mtu akishabeba begi la laptop mgongoni, Mwanjelwa tunamheshimu kama daktari.

Kodi ile iliandikwa enzi za kerneli (kiini cha Linux) 2.6, kabla draiva za ukoo huo, zinazoitwa gspca, hazijaingizwa ndani ya kerneli yenyewe mwaka 2008. Ukijaribu kuijenga kwenye kerneli ya sasa inatapika makosa skrini nzima. Mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikampigia fundi, fundi akasema shusha kerneli mpaka ya zamani. Nikashusha. Kompyuta ikawaka giza. Nikahangaika nayo usiku kucha nimejifunika blanketi, Julai ya Mbeya unaijua, na asubuhi fundi akaja akapiga fomati bila kuuliza kuna nini humo.

Kulikuwa na picha za darasa la kwanza lote la shule moja, mikondo miwili, wazazi wameshalipa. Nakala sina. (Najua, najua. Msinianze.) Nikakodi kamera, nikarudi shuleni na kitambaa changu cha bluu kupiga upya bure, mwalimu mkuu amenisimamisha pembeni kama mtoro. Kuna mtoto alikuwa ameng'oka meno mawili ya mbele katikati ya picha ya kwanza na ya pili. Mama yake akaitaka ile ya kwanza. Kila siku jioni anapita dukani kuiulizia, na mimi kila siku nina jibu jipya. Hela yake nilirudisha mwishowe, na soda juu.

Kumbe dawa ilikuwa neno moja. Kijana wa chuo aliyekuja kutoa kopi ya ripoti yake ya fildi aliziona kamera zimekaa kwenye boksi, akaomba kibodi, akaandika lsusb, amri inayoorodhesha vifaa vya USB vilivyochomekwa. Namba za kamera mbili zilianza na 0c45, hiyo ni Microdia, chipu za Sonix. Ya tatu ilianza na 0ac8, ndiyo Vimicro yenyewe. Boksi moja, lebo moja, matumbo mawili tofauti! Na draiva za zote kerneli inazo miaka yote, ila fundi wangu aliitoa paketi ya draiva za ziada, linux-modules-extra, "ili mashine iwe nyepesi". Yeye aliyeficha ufunguo ndiye aliyenitoza hela ya kuvunja mlango. Kijana akairudisha:

sudo apt install linux-modules-extra-$(uname -r)

Akachomoa, akachomeka, uso wangu huo kwenye skrini, wa kijani kidogo lakini wangu.

Kwa hiyo namba kwanza, mkuu. Usisome lebo, usisome boksi, usimsikilize mwenye begi. Chomeka, andika lsusb, chomoa, andika tena. Mstari uliopotea ndio kamera yako. Zile herufi na tarakimu nane zichukue, tuseme ni 0c45:6128, kisha zitafute kwenye orodha ya draiva, v mbele ya nne za kwanza, p mbele ya nne za mwisho:

modprobe -c | grep -i v0c45p6128

Ukiona jina linaloanza na gspca, draiva unayo tayari, hakuna cha kupakua. Isipoleta kitu, tazama lsusb -v -d 0c45:6128 kwenye bInterfaceClass. Ikiwa 14, hiyo inafuata kanuni ya kawaida ya video na uvcvideo inaichukua bila hata kuijua jina. Ikiwa 255, kiwanda kilijitungia lugha yake, lazima iwepo draiva inayoitambua namba hiyo hiyo. Utaambiwa uilazimishe kwa new_id, yaani kuiambia draiva ipokee namba isiyo kwenye orodha yake. Kwa gspca usikimbilie huko: kwenye orodha yake, namba huwa inakuja na habari za sensa ya ndani (kile kipande kinachonasa picha), na ukiichomeka kwa nguvu habari hizo hazipo. Mimi nilijaribu kwa kiburi, nikapata ukungu wa kijani kama Kitulo asubuhi.

Bandika hapa mstari wako wa lsusb, hiyo zipu ifute. Fundi wangu nasikia siku hizi anafunga kamera za ulinzi Uyole.