Wakili wa Mshtakiwa Maskini Hutafutwa Kwenye Bajeti

Wengi wanaoniuliza jinsi ya kuwasaidia mahabusu wasio na uwezo huanza kwa kusema Kenya inahitaji sheria mpya. Sheria tunayo. Kifungu cha 50(2)(h) cha Katiba ya 2010 kinampa mshtakiwa haki ya wakili kwa gharama ya serikali, pale ambapo bila wakili atatendewa dhuluma kubwa. Mwaka 2016 Bunge likapitisha Sheria ya Msaada wa Kisheria, likaunda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria pamoja na hazina yake. Sheria hiyo inaitaka korti imweleze mshtakiwa asiye na wakili kwamba haki hii ipo. Kinachokosekana ni pesa, na pesa hugawanywa bungeni.

Mimi ni msaidizi wa kisheria katika korti za Pwani. Nawaandikia wale wanaotaka kwenda mbele ya kamati ya Bunge inayoshughulikia bajeti kuziomba pesa hizo, kwa sababu kazi hiyo ina njia yake.

Kwanza uwe na jambo moja mahususi. Langu ni wizi wa mabavu. Mshtakiwa wa mauaji hushtakiwa Mahakama Kuu, na asipokuwa na uwezo hupewa wakili anayelipwa na Idara ya Mahakama. Mshtakiwa wa wizi wa mabavu chini ya kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu husimama mbele ya hakimu, mara nyingi peke yake, ingawa adhabu iliyoandikwa hapo ni kifo. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu, iliyo juu ya korti zote nchini, ilisema wakili wa serikali hapewi kila mtu moja kwa moja; hutazamwa uzito wa kosa, ukali wa adhabu, ugumu wa kesi, elimu ya mshtakiwa na uwezo wake wa kulipa. Pima kesi hizi kwa mizani hiyo uone.

Nimeketi kwenye benchi nikiyatazama haya. Shahidi amemaliza, hakimu anamgeukia kijana kizimbani: "Una maswali kwa shahidi?" Kijana anajibu, "Huyu ananisingizia." Anaambiwa, kwa upole kabisa, kwamba huu ni wakati wa kuuliza, kujitetea kutakuja baadaye. Anaishika hati ya mashtaka, anaigeuza, anasema hana swali. Shahidi anashuka. Wakili angeuliza mwanga ulitoka wapi usiku ule, gwaride la utambulisho, pale shahidi anapomtafuta mshukiwa kati ya watu waliopangwa mstari, liliendeshwaje, na kwa nini jina la kijana halimo katika maelezo ya kwanza yaliyotolewa polisi. Maswali hayo yasipoulizwa siku ile, ni vigumu mno kuyafufua kwenye rufaa. Hili naomba mlieleze kamatini hivi hivi, polepole. Wabunge wengi hawajawahi kukaa korti ya hakimu kesi ikiendelea, na nimeona chumba kikinyamaza wanapolisikia.

Halafu leteni hesabu. Ombi la "serikali itenge fedha za kutosha" haliongezi hata shilingi. Nendeni kwenye Kamati ya Watumiaji wa Mahakama ya eneo lenu, ambamo polisi, magereza, waendesha mashtaka na mahakimu huketi pamoja, mjue kesi za 296(2) ni ngapi na ngapi hazina wakili. Zidisheni kwa malipo ya wakili kwa kesi moja. Hiyo ndiyo takwimu ya kuomba. Wekeni pembeni yake fungu la Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ambayo hutengewa fungu lake lenyewe katika bajeti. Msiwashambulie waendesha mashtaka. Wapo wanaopenda mshtakiwa awe na wakili, kwa kuwa kesi huenda mbio na hukumu haitenguki ovyo.

Wakati ni muhimu kuliko ufasaha. Taarifa ya Sera ya Bajeti, inayoonyesha mwelekeo wa matumizi ya mwaka ujao, hufika Bungeni kufikia 15 Februari, makadirio yenyewe ya matumizi kufikia 30 Aprili, na Katiba inailazimu kamati kusikiliza wananchi kabla ya kuyapitisha. Tangazo likitoka gazetini, siku huwa chache, kwa hiyo waraka uwe tayari. Kurasa mbili zinatosha. Uandikeni kwa Kiswahili mkitaka. Kifungu cha 120 cha Katiba kinakitaja kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge.

Mtaambiwa mnatetea wezi. Mimi hujibu kwamba mtu asiye na hatia akifungwa, mwizi mwenyewe bado yuko mtaani, na yule mama aliyeporwa hajapata haki. Jibu hilo linanitoka moyoni, kwa sababu mama huyo naye namfahamu. Mkiweza, nendeni na mtu aliyekaa rumande kisha akaachiliwa huru, kwa ridhaa yake. Kesi ambayo bado iko kortini msiiguse.

Baada ya kikao ombeni ripoti ya kamati na mtafute ombi lenu ndani yake. Sheria ya matumizi, inayoidhinisha mafungu yote ya bajeti, ikipita Juni, tazameni fungu la msaada wa kisheria limepanda au limeshuka. Likiwa limeshuka, kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi Bungeni, na mbunge wenu anaweza kuliwasilisha kwa niaba yenu. Mpelekeeni akiwa nyumbani wikendi, mkiwa na familia za mahabusu wa eneo bunge lake.