Bahasha Ifunguliwe Kabla ya Ngoma Kushuka

Jumamosi iliyopita, katika harusi moja huko Nanyamba, hapa mkoani Mtwara, kikundi chetu kililipwa fedha yote kabla hatujashusha hata ngoma moja kwenye gari, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika miaka 19 ambayo nimepiga ngoma kwa malipo. Usiku huohuo nilisoma ujumbe wa kijana mmoja wa Kitangari, dereva wa bodaboda, aliyeniuliza afanye nini ili naye aishi kwa ngoma kama ninavyoishi mimi. Nilimsomea mke wangu ujumbe huo kwa sauti. Yeye, ambaye mihogo na mikorosho yake ndiyo inayotulisha kuanzia Januari, alicheka mpaka akaweka chini kikombe cha chai.

Basi, kijana wangu, tuanze na mikorosho hiyo. Huku kwetu ngoma huifuata korosho. Minada inapoanza Oktoba na malipo kuingia vijijini, kila mwenye binti anakumbuka kwamba hajamfanyia sherehe, na simu yangu hailali mpaka Desemba. Kabla ya hapo, mara baada ya mavuno ya chakula, kuna kazi za kuwatoa wari wa unyago na jando. Masika ikifika hakuna anayetuita, na Ramadhani ngoma zinalala. Msimu wa 2018, Serikali ilipoamua mwezi Novemba kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo baada ya wanunuzi kutoa bei ndogo, harusi nyingi nilizokuwa nimeziandika daftarini zilisubiri fedha za korosho, nami nilisubiri pamoja nazo. Tangu hapo fedha ya Novemba naila kwa kijiko cha chai.

Kuhusu usajili wa BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, na kibali, nenda kwa afisa utamaduni wa halmashauri yako akuelekeze. Hilo halina hadithi.

Lenye hadithi ni sakafu. Miaka michache iliyopita tuliitwa kupiga sindimba, ngoma yetu Wamakonde, mbele ya wageni katika hoteli moja mjini Mtwara, ukumbini, juu ya vigae vinavyong'aa kama kioo. Vinganga vyetu vina mguu mmoja uliochongoka, ambao huchomekwa ardhini ili mpigaji, akiwa na fito mbili mikononi, aipige ngoma bila kuishika. Juu ya kigae utachomeka wapi? Tulikwenda ufukweni kuchota mchanga kwa ndoo za jikoni, na kila kinganga kikasimama ndani ya ndoo yake kama mche wa mwembe. Baada ya hapo ikawa zamu ya ngozi, kwa kuwa upepo wa bahari wa jioni huilegeza ngozi ya mbuzi mpaka ngoma inalia kama godoro, na dawa yake ni moja tu, kuipasha moto wa makuti. Mlinzi alituona tukiwasha makuti nyuma ya jengo, akaja mbio na ndoo ya maji. Tulipiga hivyo hivyo, na wageni wakashangilia, lakini mimi najua tulichopiga siku ile. Kwa hiyo uliza mapema kuhusu sakafu, na uliza mahali pa kuwasha moto. Tangu siku ile tunasafiri na ndoo zetu wenyewe na mfuko wa mchanga.

Sasa nifike pale ambapo nimekuwa nikipazunguka. Kinganga kinachoongoza wachezaji kilikuwa mikononi mwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, na anayewajua Wamakonde anajua kwamba mtoto wa dada si mtu wa pembeni. Nilimfundisha tangu ana miaka 9. Msimu mmoja tulipata harusi Masasi kwa shilingi 400,000, watu tisa, na mwenye shughuli akanitumia kianzio cha 150,000 kwa simu. Niliwaambia wenzangu kwamba kianzio ni 80,000. Zile 70,000 zilikwenda kwenye ngozi mbili mpya na deni la dukani, na hadi leo sehemu ya moyo wangu inasema zilikuwa haki yangu, kwa kuwa ngoma ni zangu na nauli ya kufuatilia kazi ni yangu. Lakini simu yangu ilikuwa mkononi mwa mpwa wangu akitafuta namba ya dereva, na ujumbe wa malipo ulikuwa juu kabisa. Hakusema neno. Alipiga usiku kucha, tena vizuri kuliko siku zote. Alfajiri, tulipokaa chini ya mwembe kugawana fedha pamoja na tuzo tulizotuzwa, aliuliza kwa adabu zote: "Mjomba, na ile sabini?"

Nilimjibu kwa kelele. Nilimuuliza ni nani aliyemlisha. Yeye aliziweka fito zake juu ya ngozi, akaziweka sambamba kama anayepanga vijiti vya mshikaki, akaenda kusimamisha gari la Mtwara. Siku hizi anakodisha spika za singeli harusini, na mara mbili tumekutana kwenye shughuli moja, spika zake zikitumeza kabla ya saa nne usiku.

Enyi viongozi wa vikundi, someni ujumbe wa malipo mbele ya wote, na bahasha ifunguliwe kabla ngoma hazijashuka. Kama ngozi inahitaji fedha, sema ngozi inahitaji fedha. Watu wazima waliokesha na wewe hawatakataa. Msijifiche nyuma ya ukubwa, kama nilivyojificha mimi. Pale Nanyamba nilimpa mpigaji mdogo kuliko wote azihesabu noti kwa sauti, na mwenye harusi mwenyewe alitikisa kichwa akafurahi.

Yule kijana wa Kitangari aliuliza pia kama kikundi kina nafasi ya mpigaji wa kinganga. Nimemjibu aje Alhamisi jioni, wakati wa mazoezi. Nimemwambia aje na fito zake mwenyewe, kwa sababu zile zilizopo nyumbani zina mwenyewe.